Mkate Uacheni Huko Huko

Abubakary, mnunuzi wa ufuta, alikuwa amekwisha kufumba macho basi lilipovuka daraja la Ndundu. Akayafumbua aliposikia mwalimu wa kiti cha mbele akipanga safari kwa simu: kidato cha sita wangekwenda Mloka kujifunza wakulima wanavyoishi jirani na hifadhi, na kila mmoja angebeba mkate wake.

Bibi aliyekaa kando ya mwalimu akangoja simu ikatwe. "Mwanangu, Mloka ndiko kwetu. Wale watoto waliokuja mwaka jana ni wako?"

"Shikamoo, bibi. Ni wetu. Mtusamehe kama waliwasumbua."

"Marahaba. Wanisumbue nini? Walipanda kwangu shambani juu ya dungu, kibanda cha nguzo ndefu, tukafukuza ndege wa mpunga pamoja. Wageni wote huja kuuliza habari za tembo. Hao ndio wa kwanza kuniuliza habari zangu mie. Ahsante sana, baba. Ila huo mkate uacheni huko huko, watakula kwangu."

"Tunashukuru mno, bibi, lakini hapana. Ni darasa zima, na mpunga wenyewe tembo wanaumaliza."

Bibi akamgeukia mzima mzima. "Kwa hiyo tembo asiyepiga hodi ashibe kwangu, nyie mnaopiga hodi muondoke na njaa?"

Basi likasimama Ikwiriri. Abubakary alishuka taratibu kuliko desturi yake, masikio yakiwa nyuma, akamsikia mwalimu akipiga simu tena: mkate uachwe.