Kadi za Mwalimu Gaudence

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Guangzhou kumuaga baba yetu, mimi ni Humphrey, mkwewe, mume wa Bertila, nami nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa angekuwepo angeniagiza nihakiki tarehe kwanza.

Mwalimu Gaudence Kamuhabwa alizaliwa tarehe 9 Mei 1948, Kanyigo, Bukoba, akasoma shule ya msingi hapohapo na sekondari Bukoba mjini, na Septemba 1968 akapelekwa Minsk, katika Umoja wa Kisovieti, kusomea kompyuta za transista, zile zilizojaza ukumbi mzima na kulishwa kadi zenye matundu. Aliipenda Minsk-32 kiasi kwamba mama mkwe wangu Mildred, aliyefunga naye ndoa tarehe 3 Julai 1976, alikuwa akijitambulisha kama mke wa pili.

Huko aliandika programu ya kukadiria kina cha Ziwa Victoria, lakini zamu yake kwenye mashine ilikuwa Jumatatu, na ndege ya kumrudisha nyumbani ikaondoka Jumamosi iliyotangulia, Desemba 1973, akabaki na kadi zake bila kujua kama alipatia. Mwaka uliofuata serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, basi akafundisha Hisabati Bukoba hadi 2003, akiwageuza wanafunzi kuwa mashine, huyu ajumlishe, yule atunze namba, mwingine apitishe kadi. Mungu aliwajalia yeye na Mildred mtoto mmoja, Bertila, mwaka 1979.

Mama Mildred alipofariki mwaka 2012, Mwalimu alikuja kuishi nasi hapa Guangzhou, akawa anakagua kwa penseli, mara tatu, kila karatasi ya hesabu ya vitambaa tulivyonunua soko la Zhongda kabla mzigo haujaenda bandari ya Nansha, akatuchelewesha sana, nami ninazikumbuka sana asubuhi zile.

Februari 2024 figo zilianza kushindwa. Abass, mwanafunzi wa kompyuta kutoka Unguja, alitengeneza kwenye laptopu yake programu inayoiga ile Minsk-32, akaingiza kadi zote, na tarehe 11 Aprili jibu likatoka kwamba ziwa halina maji. Nakiri mbele yenu kwamba nilimwomba amdanganye mgonjwa, naye akakataa, akamweleza Mwalimu kwamba kwenye kadi ya mia na sita alitoa badala ya kujumlisha. Mzee alicheka hadi muuguzi akaja, akaomba penseli, akasahihisha mwenyewe. Alifariki tarehe 13 Aprili, saa nne asubuhi.

Jana Abass aliiendesha tena programu ya Mwalimu, pamoja na sahihisho lake, na ziwa likawa na maji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyabiashara wenzetu wa Zhongda, na wewe Abass, kwa kumheshimu kuliko nilivyomheshimu mimi.

Pumzika kwa amani, Baba, na unisamehe.