Laini ya Kaliua Inatumika

FERDINANDI: Haloo, Ferdinandi wa ofisi ya kuchapa, Kaliua. Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

ISHIMWE: Haloo, baba?

FERDINANDI: Sema kwa nguvu, unakwama. Kama ni ile barua ya serikali ya kijiji, nimeshaichapa tangu jana, njooni—

ISHIMWE: Baba, ni mimi. Shikamoo.

FERDINANDI: Wewe nani?

ISHIMWE: Ishimwe.

FERDINANDI: Marahaba. Marahaba, mwanangu. Ngoja nitoke nje, humu ndani netiweki ni ya kubahatisha. (mikwaruzo) Haya. Nimesimama nyuma ya stesheni, hapa inashika. Mwaka mmoja na miezi minne, Ishimwe. Tangu lile lori la wakimbizi liwachukue kambini Ulyankulu kuwarudisha Burundi.

ISHIMWE: Hukuja kutuaga.

FERDINANDI: Sikuja. Namba hii ya mkononi nani kakupa?

ISHIMWE: Bertila, yule aliyekuwa kwaya moja na mama. Kafika jana kutoka huko, kaja kwa ajili ya— Baba, nina salio dogo, nisikilize. Leo naolewa. Baba?

FERDINANDI: Nipo.

ISHIMWE: Bado nusu saa tutoke hapa kwa baba mdogo twende kanisani.

FERDINANDI: Yaani mimi naambiwa asubuhi ya harusi, kama mtu wa kukodisha viti.

ISHIMWE: Nilikupigia.

FERDINANDI: Hukunipigia.

ISHIMWE: Nilipiga, baba. Simu ya mezani ya ofisini, ndiyo namba pekee niliyokuwa nayo, ile uliyoiandika kwa rangi ukutani. Padre aliposoma tangazo la kwanza la ndoa yetu, nilitoka misa moja kwa moja hadi kibanda cha simu. Bize. Nikakaa kwenye benchi, nikapiga tena, bize. Tangazo la pili, bize mpaka jioni. La tatu nikaenda na Zablon mwenyewe—

FERDINANDI: Zablon ndiye nani?

ISHIMWE: Ndiye anayenioa. Seremala. Wazazi wake walikuwa Urambo, walirudi msimu ule ule wetu.

FERDINANDI: Anakunywa?

ISHIMWE: Baba.

FERDINANDI: Nauliza. Mzazi huuliza.

ISHIMWE: Sikukuu tu. Yeye alisema labda simu ya mzee imeharibika. Nikamwambia iliyoharibika hailii hivyo, hii ni ya mtu anayeongea. Nikamwambia baba ana wa kuongea naye Jumapili nzima, isipokuwa mimi.

FERDINANDI: (mikwaruzo)

ISHIMWE: Ulikuwa unaongea na nani? Siulizi kwa ubaya. Kama umeoa sema tu, mama ana miaka sita kaburini.

FERDINANDI: Nimuoe nani na magoti haya? Hebu rudia. Ulipiga Jumapili, baada ya misa?

ISHIMWE: Zote tatu.

FERDINANDI: Ukapiga mpaka jioni?

ISHIMWE: Mpaka mwenye kibanda akanionea huruma.

FERDINANDI: Lo.

ISHIMWE: Nini?

FERDINANDI: Lo, mwanangu. Unakumbuka ulimtumia rafiki yangu Mayala barua pepe kule Tabora, ukasema niambiwe kwamba kila Jumapili ukitoka misa utaniandikia?

ISHIMWE: Nakumbuka. Halafu lile duka la intaneti likafungwa.

FERDINANDI: Sasa mimi wa Kaliua ningejuaje limefungwa? Nilipanda treni hadi Tabora kwa Nasri, fundi wa kompyuta, nikamwambia nataka kupokea barua za binti yangu. Akanipa modemu ya kuunganisha kompyuta na intaneti. Kisanduku tu, hakizidi kipande cha sabuni, kina matundu mawili. Moja unachomeka waya wa simu ya mezani, la pili waya wa simu ya mkononi. Akaniambia, mzee, hiki kinakubali kote kuwili, lakini wewe tumia ya mkononi, maana ukikipa ya mezani hakuna atakayekupata.

ISHIMWE: Sasa si alikwambia?

FERDINANDI: Aliniambia, nikaitikia vizuri kabisa. Nilipofika huku, ya mkononi inaleta nusu ukurasa inakata, inaleta robo inakata. Nikachomeka ya mezani, ikatulia. Nikasema moyoni, huyu Nasri ni mtu wa mjini, anapenda kuonekana anajua. Na nani wa kunipigia mimi Jumapili? Ofisi imefungwa, wateja wako makwao. Kichwa changu kigumu, mama yako alikuwa akisema.

ISHIMWE: Kwa hiyo Jumapili zote zile—

FERDINANDI: Nikitoka misa sili. Nafungua ofisi, nawasha kompyuta, naunganisha, nakaa kitini. Mpaka giza linaingia. Naogopa kuzima, naona nikizima tu ndipo barua yako itafika. Hata Jumapili hii iliyopita nimekaa.

ISHIMWE: Kumbe hukuwa unaongea na—

FERDINANDI: Sikuwa naongea na mtu. Nilikuwa nakungoja wewe.

ISHIMWE: (kwikwi)

FERDINANDI: Usilie, utaharibu uso na watu wameshakupamba.

ISHIMWE: Nimekusema vibaya, baba. Mbele za watu.

FERDINANDI: Ningekuwa wewe ningesema zaidi.

ISHIMWE: Hujui yaliyotokea. Wazee wa upande wa Zablon waliuliza, baba wa binti yuko hai? Baba mdogo Eliya akajibu yuko hai, ila ameshamkatia mtoto wake mguu, hamtafuti tena. Akasema atasimama yeye mlangoni atoe neno la baraka. Wakatazamana. Mama mkwe hakuficha, alisema binti asiyetolewa neno na baba yake, naye baba yu hai, huyo anaingia ndoa kama mtoro. Siku akigombana na mumewe atarudi kwa nani?

FERDINANDI: Mama huyo ana ulimi.

ISHIMWE: Anasema kweli. Hata mimi nilikuwa sijui nitarudi kwa nani. Niko nyuma ya nyumba, gauni nimelikunja mkononi lisiguse vumbi. Nataka neno lako, baba. Kabla hatujatoka.

FERDINANDI: Kwa simu?

ISHIMWE: Kwa simu.

FERDINANDI: Neno hutolewa mlangoni, mzazi kamshika binti mkono. Mimi hapa nimeshika ukuta wa stesheni.

ISHIMWE: Usianze—

FERDINANDI: Sikatai. Naona aibu. Siku ile ya lori nilikuwa makaburini kwa mama yako. Honi niliisikia. Nikajikalia pale, maana nilijua nikija nitakushika usipande, na wewe ulitaka kwenda.

ISHIMWE: Nilidhani umekasirika.

FERDINANDI: Hasira nilikuwa nazo pia, nisikudanganye.

ISHIMWE: Salio limelia, baba. Naingia ndani. Nakuweka spika, simu naiweka juu ya meza katikati ya wazee. Sema kwa sauti kubwa. (kelele za watu, mtu anawanyamazisha) Haya, baba. Wanakusikiliza.

FERDINANDI: (anakohoa) Tumsifu Yesu Kristo.

(Sauti nyingi: Milele, amina.)

FERDINANDI: Shikamooni wazee. Mimi ni Ferdinandi Manirambona. Ishimwe ni mwanangu, sijamkataa hata siku moja. Kama laini yangu ilikuwa imefungwa, niliifunga mimi kwa ujinga wangu, yeye hana kosa. Eliya, mdogo wangu, mshike mkono badala yangu, wala usimwachie mpaka altareni. Zablon, sikujui, lakini nakupa. Ukimchoka usimtupe njiani, niambie mimi. Na wewe Ishimwe, nenda. Uzae, ule, ucheke. Mkigombana, kwenu ni huku kwangu, mlango hauna kufuli kwako. Nimetoa neno.

(Vigelegele, makofi.)

ISHIMWE: Wamesikia, baba. Mama mkwe anajifuta machozi. Wanasema padre ameshafika, wananivuta— jamani ngojeni— Baba, nakuja kukuaga vizuri, sasa hivi—

FERDINANDI: Nenda, padre hangoji mtu.

ISHIMWE: Asante, baba. Nakuja—

(Viti vinavutwa. Wimbo unaanza, watu wanatoka nao.)

FERDINANDI: Haya. Haya, mama. Ishimwe?

(Wimbo uko nje.)

FERDINANDI: Haloo? Kuna mtu hapo ndani? Mmeisahau simu mezani.

(Kuku anapita karibu. Wimbo kwa mbali.)

FERDINANDI: Hakuna mtu. Wanaimba vizuri. Sauti ya pili imepwaya, mke wangu Nahimana ndiye angeishika. Sasa nafikiri wanapanda ile barabara ya kanisani, kama wana barabara ya kupanda. Sijawahi kuiona.

(Ngoma, mbali zaidi.)

FERDINANDI: Endeleeni tu. Nipo huku, nasikiliza mpaka salio lenu liishe.