Nyumba Aliyotukataza Kuingia

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka Kuruman na Kimberley, mimi ni Kelebonye, mdogo wake marehemu na kitinda mimba wa nyumba yetu, nimepewa kusoma kwa sababu sauti yangu inafika nyuma, na kwa sababu wakubwa wote walioyajua haya tangu mwanzo wameshatangulia, kwa hiyo naomba utulivu, na wale wanaonong'ona tangu jana kwamba jeneza limelala hemani kama la mtu asiye na kwao, wavumilie kidogo, nitafika huko.

Galaletsang Moeketsane alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 hapa hapa Dikgweng, mtoto wa pili wa mzee wetu Gaotingwe, wakati mama yetu akigonga mawe ya mgodi kwa nyundo ili kutoa zile nyuzi za bluu za asbesto, na mtoto akilazwa juu ya gunia la nyuzi hizo hizo, maana lilikuwa laini kuliko blanketi lolote tulilokuwa nalo.

Alianza shule hapa kijijini mwaka 1952, kwenye uwanja uliomwagiwa mabaki ya mgodi ili watoto wasikanyage matope, akaishia darasa la nne mwaka 1956, akiwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kuomba radhi, na mimi niliyelelewa naye nawaambieni uzito huo hakuupunguza hadi mwisho. Januari 1957 alikabidhiwa nyundo yake mwenyewe, akakaa kwenye mstari wa akina mama akigonga mawe, akarudi nyumbani kila jioni na nywele za bluu, tukimcheka kwamba amezeeka kabla ya kuolewa, na kazi hiyo aliifanya mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1979.

Tarehe 9 Oktoba 1965 aliolewa na marehemu Ditiro Moeketsane, mwashi, mtu mpole aliyejua kunyamaza, na mwaka uliofuata wakajenga ile nyumba mnayoiona nyuma yangu, matofali yakichanganywa na mabaki ya mgodi, paa likiwekwa mabamba ya asbesto. Kwetu mwanamume anajenga lakini ukuta ni wa mwanamke, na dada yangu alipokandika ukuta wake alitia nyuzi za bluu kwenye udongo na samadi, mvua zikaja, kuta za wengine zikapasuka, wake ukabaki mzima kama siku ya kwanza. Eh, alisifiwa! Wanawake walikuja na mabeseni yao kutoka ng'ambo ya mto mkavu, akawafundisha wote bila kinyongo, wakaenda kukandika vyumba walimolala watoto wao, na hakuna aliyejua anakandika nini.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Oarabile aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1967, na Tshenolo, aliyekaa hapa mbele, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1972. Shemeji Ditiro alifariki mwaka 1991 kwa kifua, tukasema ni vumbi la kazi, tukazika, tukaendelea. Lakini Oarabile alikuwa mwalimu kule Kimberley, hakuwahi kushika jiwe la mgodi hata moja, na alipoanza kukosa pumzi daktari alimwita mama yake, akamuuliza mtoto huyu alitambaa wapi, sakafu ilikuwa ya nini, kuta zilikuwa za nini, kisha akamweleza kwamba nyuzi zile zikishaingia kifuani hukaa kimya miaka thelathini, hata arobaini, ndipo zinazaa saratani ya utando wa mapafu. Oarabile alifariki tarehe 17 Agosti 2004, akiwa na miaka thelathini na saba.

Wiki ile ile, kabla chakula cha msiba hakijaisha, dada yangu alitoa nje vitu vya Tshenolo na vya mwanawe Refentse, akaviweka langoni. Nilikuwepo. Tshenolo alimuuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Naye akajibu, "Hujanikosea. Toka." Binti aliondoka akiamini kwamba mama amemzika kaka yake na yeye pamoja.

Baadaye alitueleza habari za nyuzi, lakini nani alimsikiliza? Tulisema tumezaliwa humu, tumekulia humu, vumbi gani tena, msiba umempanda kichwani. Wengine walisema anaficha kitu ndani, wengine uchawi, majina ninayo, leo siyataji.

Mwaka 2007 walikuja watu wa serikali, wamejifunika pua na midomo, wakapima, wakasema ukuta usitobolewe, sakafu isifagiliwe kavu, paa lisiguswe, watarudi na wataalamu wa kuibomoa nyumba wakiilowesha maji ili vumbi lisiruke, na kuyazika mabaki yake, tusubiri. Tunasubiri. Nilimwomba dada ahamie kwangu, chumba kipo, kitanda kipo, akanijibu, "Nikihama, kesho watoto wanacheza mle, keshokutwa paa limepigwa nyundo, na vumbi liko kwenye chai yako." Basi akabaki, akilowesha sakafu kabla ya kufagia, na mchana kutwa akikaa langoni kwenye kiti chake chekundu cha plastiki, ili asipite mtu.

Miaka karibu kumi na tano, wapendwa, hakuna hata mmoja wetu aliyevuka lango lile. Chai mliinywa mmesimama barabarani. Sahani ya Krismasi tulimpitishia juu ya ua. Mwaka 2011 Tshenolo alipoolewa, bibi harusi ambaye kwa desturi hutokea nyumbani kwa mama yake alitokea kwangu, na mama yake alitembea nyuma ya watu wote akiimba peke yake. Upepo ukigeukia kwangu nilimsikia akibishana na mtangazaji wa redio, akimjibu, akimtania, akimuaga usiku mwema, nami niliumia, maana hakuwa na mwingine wa kumuaga.

Kifua chake kilianza kumbana mwaka 2017, na Februari mwaka huu alilazwa Kimberley, wakamtoa maji kifuani mara kwa mara, ugonjwa ukiwa ule ule wa mwanawe. Hospitalini hakukuwa na lango. Tshenolo alipanda kitandani, akamkumbatia mama yake mchana kweupe, na mama hakumwambia toka, alisogea tu, akampa nafasi. Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano.

Sasa wajomba, mnaotaka jeneza liingie ndani walau dakika moja kwa heshima ya mila, mila naijua, nami nimewazika wengi kwa mila hiyo. Lakini marehemu alinishika mkono akaniambia, "Msinirudishe mle. Nimeshalala mle kwa niaba yenu wote." Kwa hiyo haingii, na anayetaka kuliingiza aanze na mimi. Na wewe uliyeniuliza jana kama unaweza kupata mabamba mawili ya paa kwa banda la kuku, umenisikia, sikutaji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, walimu waliofanya kazi na Oarabile na wakatukumbuka hata leo, mchungaji na akina mama wa kanisa, na ninyi majirani, hata mliomsema, maana bado mlikuja kunywa chai barabarani. Tukirudi makaburini mtanawa mikono langoni kwangu na mtakula kwangu, hapa hakuna atakayeingia.

Leo alfajiri, kabla ya maombi, nilitoka nikamkuta Tshenolo amekaa langoni kwa mama yake kwenye kile kiti chekundu, amejifunika blanketi, watoto wa jirani wamesimama mbali wanachungulia. Nikamwambia aje apate chai. Akasema nimletee pale pale.

Pumzika, dada yangu, pumzika kwa amani sasa, langoni yupo mtu.