Shangazi Vitufe Anaondoka na Mkono Wake Mzima

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha habari cha redio yetu, mtayarishaji wetu wa vipindi, tunayemwita Shangazi Vitufe, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kiti chake tumeshaanza kukigombania. Kompyuta yake, hapana, asanteni, hakuna anayeitaka.

Sababu tunayo. Haina kipanya. Kila dirisha kwenye skrini, liwe la taarifa, la sauti au la simu za wasikilizaji, hufunguliwa, husogezwa na kufungwa kwa vitufe tu. Mhariri mkuu aliwahi kukaa hapo arekebishe neno moja. Akabonyeza asichokijua, taarifa nzima ikatoweka, na msomaji yuko hewani! Shangazi alipitisha mkono juu ya bega lake, akabonyeza kitufe, taarifa ikarudi. Ilikuwa imehamia ukurasa mwingine tu. Tangu hapo mhariri huizunguka meza ile kama ina mbwa mkali.

Wageni hudhani ni maringo. Wapi! Miaka kumi na miwili iliyopita kifundo cha mkono wake wa kulia kilivimba kwa sababu ya kipanya, hata kikombe cha chai kikawa hakishikiki. Daktari alimwambia achague: kipanya au kazi. Kazi hii anaipenda kuliko usingizi. Kipanya kikaishia kabatini, naye akajifunza kila kitu upya kwa vitufe.

Kisha uongozi ukatuletea laptopi. Sisi tulishangilia, Shangazi akanuna. Kwenye kompyuta ya mezani alizoea skrini pana, madirisha matatu yamekaa ubavu kwa ubavu. Kwenye laptopi yalibanana hadi maandishi hayasomeki. Shingo upande, akaanza kutumia kile kibao cha kutelezesha kidole. Wiki haikuisha, maumivu yakarudi, na tukasikia anaulizia kustaafu mapema. Tuliogopa kweli.

Ubishi wake, jamani, ndio uliomwokoa. Alikizima kibao, akaliachia kila dirisha skrini yote, akawa anaruka kutoka moja hadi jingine kwa kitufe kimoja. Mezani akabaki na mpangilio wake wa zamani. Mwishowe alikiri kwamba laptopi ndiyo inayohitaji vitufe zaidi, maana skrini ni ndogo, na ukiwa umeipakata garini kipanya utakiweka wapi? Taarifa za mafuriko ya mwaka jana alizitayarisha kwenye kiti cha nyuma, huku dereva akiruka mashimo.

Asante, Shangazi, kwa kazi, kwa utani, na hata kwa kutugombeza. Umri ndio unaokustaafisha, si maumivu, na hilo linatufurahisha kuliko yote. Nenda kampakate mjukuu sasa, siku zako ziwe ndefu na zenye raha. Leo asubuhi umepita meza hadi meza ukituaga kwa mkono wako wa kulia, na ulivyombana vidole mhariri mkuu, alipiga kelele.