Alama ya Maji Niliyoiandika Mwenyewe

Papa na Mama zangu, sisi wote tuliotolewa nyumbani na ziwa, nimesimama kusema kosa langu. Mama niliyemkosea yuko humu. Ameniruhusu, jina lake silitaji.

Mnanijua kwa kupima maji. Kila Jumamosi nilishuka na fimbo yenye alama, nikaandika ziwa limefika wapi: kwenye kaye, yaani daftari zangu, kwenye simu, hata nyuma ya karatasi za ibada. Hakuna aliyenituma. Mimi niliyeishia darasa la sita, nilipenda kuitwa mwalimu.

Maji yaliposhuka, mama huyo mjane akanifuata. “Papa, wewe njo mwenye kujua ziwa. Nijenge pale chini ya njia?”

Ndugu zangu, kwa siku mbili nilitafuta kaye ya mwaka wa maji makubwa, sikuiona. Niliona haya kusema sijui. Nikamwambia, “Jenga, Mama. Pale hayafiki.”

Mvua zilizofuata, maji yaliingia chumbani mwake. Ukuta ukaanguka mchana. Watoto walikuwa shuleni, Mungu asifiwe. Nikasema ziwa limebadilika. Nilimbebea godoro, na watu wakanisifu. Nikakubali kusifiwa.

Baadaye mwalimu mmoja wa kundi hili alinionyesha, kwenye kompyuta yake ya zamani, programu ya kuandikia na kupanga maandishi. Ni ya bure, haidai mtandao, na mwenye ujuzi anaweza kuifungua aone ilivyotengenezwa. Kila andiko nililiwekea tarehe na mahali. Ukitafuta mahali, yote uliyoandika juu yake yanatokea pamoja.

Nikaanza kunakili kaye zote. Ile iliyopotea ilikuwa imeingia ndani ya jalada la nyingine. Nilipomaliza, nikatafuta “chini ya njia”. Maneno yangu mwenyewe yakatokea: maji magotini, parsele ile ile, kiwanja alichojenga.

Nilinyamaza mwezi mzima. Kisha nikaenda kwake, nikamsomea.

“Kumbe ulijua?”

“Niliandika, Mama, nikasahau.”

“Na kusema umesahau, ulisahau pia?”

Kesho yake nikaanza kubeba matofali ya kumjengea kule juu.

Namshukuru mwalimu, nanyi mliobeba matofali pamoja nami hadi nyumba yake ikasimama kule juu. Andikeni, pangeni. Mtu akikuuliza, tafuta kwanza. Usipoona, mwambie hujaona.

Juzi mama alikuja kuniuliza wapi achimbe choo. Nikafungua programu mbele yake. Hapakuwa na kitu.

“Sijui, Mama. Pale sikupima.”

“Neno dogo hivyo, Papa. Ungelinipa siku ile.”