Mzee Lazare Anamwacha Tuckwell

Baada ya miaka kumi na tisa ya kusimama, kukaa pale wakubwa wasipomwona, na kuwakataza watoto wasiguse fremu, Mzee Lazare Arakaza anastaafu tarehe 30 Juni. Tunaandika kwa Kiswahili ili wageni wake wa Jumamosi wasome kwanza. Meneja atasubiri tafsiri, naye anajua kwa nini.

Aliajiriwa kuwa mlinzi wa jumba letu dogo la sanaa hapa Granville, Australia, akapewa chumba cha nyuma ambacho hakuna mlinzi aliyekitaka. Humo ndimo zinamokaa barua na michoro ya Ambrose Tuckwell, Mwingereza wa enzi za Malkia Victoria aliyezunguka dunia akichora milima na maziwa, huku akimwandikia dada yake vichekesho. Milima aliichora kwa heshima zote. Pembeni alijichora mwenyewe: tumbo kama mtungi, miguu kama ya korongo, anakimbizwa na mbuzi. Mzee Lazare alimtazama siku ya kwanza akasema na huyu wataelewana, na kwa upande wa tumbo hatukumbishia.

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla ya kuletwa huku, yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea majirani barua zao. Barua ya mtu mmoja ilisikilizwa na mtaa mzima, na kila mwenye la kujibu alijibu papo hapo. Basi Warundi wenzake wa Merrylands, mtaa wa jirani, walipokuja kututembelea Jumamosi moja, Mzee akawatafsiria Tuckwell kwa mtindo uleule. Na kwa kuwa Tuckwell hakuwa na adabu ya kusalimia, bali alimvamia dada yake moja kwa moja na habari za kunguni wa hotelini, Mzee alimwongezea: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Wageni wakajibu. Mama Anésie, ambaye hajawahi kumwachia mwanamume neno la mwisho, alimgombeza Tuckwell kwa kuzeeka bila mke, akaahidi kumtafutia mjane anayejua kupika. Alipoambiwa kuwa bwana huyo alikufa zamani, alisema hicho si kisingizio. Tangu hapo chumba cha nyuma kikawa kinajaa kila Jumamosi. Mtaalamu mmoja aliyekuja kufanya utafiti alipekua barua zote akizitafuta zile salamu, mpaka tukamwonea huruma.

Shida ilianza aliposema anastaafu. Meneja alitangaza kwamba nafasi yake itachukuliwa na vifaa vya kusikilizia masikioni, vyenye sauti ya mwigizaji, na wageni wakipungua chumba kitageuzwa mgahawa. Mzee, ambaye magoti yake yalistaafu kitambo, akagoma kuondoka. Alisema hawezi kumwacha Tuckwell mahali ambapo hakuna wa kumjibu. Alikasirika kweli, na sisi tulimpenda zaidi.

Vifaa vilijaribiwa. Mama Anésie alivaa, akasikiliza, akajibu, akasubiri, akajibu tena kwa sauti iliyofika stesheni. Kisha akamrudishia meneja: "Darling, this man is very rude. Namjibu, yeye anaendelea tu." Wiki iliyofuata meneja akaniteua mimi, Theresia wa mapokezi, niwe msomaji wa Jumamosi.

Nilisoma kwa mara ya kwanza wiki iliyopita, Mzee akiwa kwenye benchi la wageni. Nikasahau salamu, akakohoa mpaka nikarudi mwanzo. Nikafika kwenye barua ya mwisho, ambayo Tuckwell aliiandika akiwa mgonjwa ugenini, akimuuliza dada yake kama nyumbani bado yupo mtu anayemuulizia. Miaka yote hiyo Mzee alikuwa mdomo wa Tuckwell, hakuwahi kupata zamu ya kumjibu. Safari hii alijiinua kwa yale magoti mabovu kabla Mama Anésie hajafungua kinywa, akasema: tupo, tunakuulizia kila Jumamosi.

Asante, Mzee Lazare. Tunakutakia usingizi wa mchana usio na meneja, na uvumilivu mwingi kwa mkeo Belyse, atakayekuwa nawe kutwa nzima. Sisi huku Granville tu wazima wa afya. Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye Merrylands, kituo kimoja tu cha treni, mbali na upeo wa macho yetu.