Dawud Wolniak, Mbunge Aliyekataa Kushuhudia Asichokijua

Marehemu Dawud Wolniak, ambaye wazee wake walimwita Tadeusz, alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 mjini Tarnów, Poland, mtoto wa fundi saa. Alisoma sheria Kraków, akamaliza 1976, akafanya uwakili miaka ishirini na moja.

Mwaka 1997 alichaguliwa mbunge, akakaa vipindi viwili kwenye kamati ya sheria. Mwaka 2005 chama chake kikamtupa. Kisa, kwa maneno yake, ni mswada wa mahakama: waliletewa kurasa mia nne asubuhi, adhuhuri wakatakiwa wanyooshe mikono. Akasimama akasema hajausoma, hanyooshi. Sie mashemegi zake wa Maskati, alipotuhadithia, hatukuamini. Nani anafukuzwa bungeni kwa kutosoma karatasi? Tulijua kuna kitu kakikimbia.

Alifika Maskati 2007, mshauri wa sheria wa kiwanda kimoja Rusayl. Akasilimu, na mwaka 2009 akamposa dada yangu Nasriya binti Saeed, mjane, wa hapa Azaiba. Alisema mkewe wa kwanza kafariki. Nikamtaka cheti. Akaleta, na tafsiri ya Kiarabu yenye mihuri mitatu, akaniambia, "Shemegi, ungekuwa wakili mzuri wewe." Hiyo mihuri nayo niliitizama juani.

Dhana ilizidi 2014, alipozikwa jirani yetu, Bwana Bader. Shekhe aliuliza kaburini, kama ada, watu wanamshuhudia vipi maiti. Wote wakajibu, mwema. Dawud kimya. Alipoulizwa, akasema yeye na Bader walijuana kwa salamu tu, hawezi kutoa ushahidi. Mtaa mzima ulichukia. Wengine wakasema huyu hakusilimu, anatupeleleza. Nami nilikuwa mmoja wao.

Juni 2024 aliugua saratani ya kongosho. Khofu kubwa ya Nasriya ikawa siku ya maziko, watu wasije wakamlipa kimya kwa kimya. Dawud akamwambia, "Asiyenijua anyamaze. Ndiyo haki." Maneno gani hayo ya kumwambia mke?

Alifariki Jumanne, 14 Januari 2025, akazikwa baada ya alasiri. Shekhe akauliza. Sie wanawake hatwendi makaburini; kaka yetu Yaqdhan, anayewasomea haya kwa niaba yangu, anasema palinyamaza mpaka akasikia mchanga ukiporomoka. Ndipo akasogea Murshid, mtoto wa Bwana Bader. Akaeleza kuwa wiki ile ya msiba wao Dawud alikwenda kwao siku nne, akitaka kujua Bader alikuwa mtu gani. Akawahoji mpaka mafundi wa gereji ya marehemu, huko Wadi Kabir. Kisha akafuatana na Murshid makaburini, akasimama kwenye kaburi la Bader akashuhudia kuwa alikuwa mwema. Nyumbani hakutwambia hata neno.

"Huyu namjua," Murshid alisema. "Mwema."

Waliomjua wakajibu. Wasiomjua wakanyamaza, na safari hii hapana aliyechukia.

Ameacha mjane Nasriya, binti yake Ewa aliyeko Kraków, watoto wa kambo Samir na Ghadeer, na wajukuu watatu. Mie nimemchunguza miaka kumi na tano, sikumkuta na kitu. Mwema. Mola amlaze kwa amani.